E-Class W212, BMW F10 au Crown: kiti cha nyuma kipi kinafaa kwa Kampala, Entebbe na Mbarara?

Naguru_Kilimani:

Habari zenu wakubwa. Ofisi inanunua gari moja la mkurugenzi. Yeye hukaa nyuma kushoto, dereva ndiye anayeendesha. Siku za kazi ni Naguru, Nakasero na Entebbe. Mara chache kwa mwezi ni Mbarara au Gulu. Njia zote ni lami, isipokuwa kipande cha murram, barabara ya udongo mwekundu, kama kilomita mbili kufika nyumbani kwake. Mgongo unamsumbua, kwa hiyo mbio si hoja. Hoja ni jinsi gari linavyompokea mtu aliyeketi nyuma.

Tumebaki na matatu, yote yametoka Japani, ya 2013 hadi 2015:

Mercedes E250 W212 ya sura mpya, yenye AMG Sport, rimu inchi 18.
BMW 523i F10, M Sport, rimu inchi 19.
Toyota Crown hybrid S210, Royal Saloon, rimu inchi 16.

Ukishaweka ushuru wa URA, mamlaka ya mapato, bei zinakaribiana kiasi kwamba haziamui lolote. Naomba wenye ujuzi mnisaidie: ipi inapita matuta vizuri zaidi, ipi imetulia barabara ya haraka ya Entebbe, na tukienda bondi, kwenye yadi ya magari yaliyoagizwa, tukague nini kabla ya kutoa pesa? Kuna pia W212 nyingine yenye Airmatic, mifuko ya hewa badala ya springi, kwa nyongeza kidogo. Inafaa au ni kujitafutia maneno?

BushiMpya:

Ndugu, kabla ya nembo, tazama tairi. Hayo magari matatu ulivyoyataja hayako sawa hata kabla ya kuwashwa.

Ubavu wa tairi ndio springi ya kwanza. Unaupata kwa kuzidisha namba ya kwanza ya tairi, yaani upana, kwa ile namba ya pili, kisha unagawa kwa 100. Crown yenye 215/60R16 ina ubavu wa milimita 129. E250 ya AMG Sport kwa kawaida huvaa 245/40R18 mbele na 265/35R18 nyuma. Mbele unapata milimita 98, nyuma 93. BMW ya rimu 19 kwa kawaida ni 245/40 mbele na 275/35 nyuma, yaani 98 na 96.

Umeona lilipo tatizo? Kwenye magari yote mawili ya Ujerumani, tairi jembamba zaidi ubavu liko nyuma, karibu kabisa na kiti cha bosi. Dereva atakwambia gari ni laini, na kwa alipokaa yeye anasema kweli. Aliyeketi nyuma ndiye anayepokea kila kiraka cha lami.

Halafu hiyo F10, tazama kama tairi zake ni zile zinazotembea bila upepo. Ubavu wake umeimarishwa ili ukipata pancha uendelee kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Faida ipo, lakini ubavu mgumu kiasi hicho kwenye rimu 19 ndio unaofanya watu waseme BMW inapiga mgongo. Wanailaumu shokabu bure.

Hiyo F10 iwekee rimu 17 na tairi za kawaida 225/55R17, kipimo ambacho kilikuwa cha kawaida kwa 523i. Ubavu unakuwa milimita 124. Hapo ndipo unaweza kuilinganisha na Crown kwa haki. Kwa mgongo mbovu, mimi ningetoa hizo rimu 19 siku hiyo hiyo.

Arua_Park:

Crown. Kwisha.

Spea zimejaa soko la Kiseka, fundi yeyote anaijua, hybrid kwenye jam ya Jinja Road haitoi hata sauti. Mnatafuta nini kingine?

Dereva_wa_Itifaki:

Arua_Park, kuhusu mjini nakubaliana nawe kabisa, na kuna jambo moja ambalo watu hulisahau. Kwenye Crown hybrid, kompresa ya AC inaendeshwa na umeme. Injini ikizima kwenye taa za Jinja Road, ubaridi unaendelea. E250 na 523i nazo huzima injini zikisimama, lakini kompresa zao zinavutwa na mkanda wa injini. Injini ikilala, kinachobaki kupuliza ni feni tu. Ukikaa dakika mbili juani, nyuma kumeshapata joto, halafu injini inashtuka kuwaka upya na mtikisiko unafika kwenye kiti. Dawa yake ni kitufe cha kuzima mfumo huo kila gari linapowashwa. Bosi asiyependa kushtuliwa, dereva wake lazima ajue kilipo.

Ila swali lilikuwa na Mbarara ndani yake. Crown Royal Saloon imefungwa springi na shokabu laini, na hilo ni zuri hadi kilomita 80 hivi kwa saa. Ukipita mwendo huo kwenye lami yenye mabonde marefu, mwili wa gari unapanda, unashuka, na unachelewa kutulia. Lori likikupita kwa kasi upande wa pili, unalisikia gari likisukumwa. Mgongo hauumizwi na hilo, ila tumbo na shingo vinachoka, hasa kwa mtu anayesoma simu au karatasi nyuma.

W212 hapa ndipo penye nguvu yake. Shokabu zake za kawaida, zisizo za umeme, zina njia ya pembeni ya mafuta ndani yake. Mtikisiko ukiwa mdogo mafuta yanapita kirahisi na shokabu inakuwa laini. Ukiwa mkubwa njia hiyo inafungwa na shokabu inakaza. Haina waya wala sensa. Ndiyo maana E-Class ya springi, ikiwa kwenye rimu za inchi 16 au 17, inameza viraka vizuri na bado inatulia kwenye kilomita 100.

F10 inatulia kuliko zote mbili kwenye mwendo. Umbali wa ekseli hadi ekseli ni milimita 2,968, wakati W212 ni 2,874 na Crown S210 ni 2,850. Urefu huo unapunguza lile bembea la mbele na nyuma. Lakini msidhani ni nafasi ya magoti. BMW imeutumia mwingi mbele kwa ajili ya injini ndefu, na katikati ya sakafu ya nyuma kuna mgongo mrefu wa propela shafti. Watu wawili nyuma, sawa. Wa tatu anateseka.

Kwa mpangilio wangu, kila gari likiwa na tairi linalolifaa: mjini na murram, Crown. Entebbe, E-Class. Mbarara, F10 mbele kidogo ya E-Class. Na kwa kuwa safari nyingi za huyo mkurugenzi ni za Entebbe, ningechukua E-Class, lakini si hiyo yenye rimu 18 jinsi ilivyo.

Arua_Park:

Haya afande, nimekusikia. Lakini hizo Benz na BMW injini zake je? Starehe gani kusimama Lukaya boneti iko juu?

BushiMpya:

Swali la haki.

E250 ya 2013 kuja huku ina injini ya M274, lita 2.0 yenye tabo (turbo). Iliyotangulia, M271 ya lita 1.8, ndiyo iliyokuwa na sifa ya cheni kurefuka na meno ya gia za kemshafti kulika. Kwa hiyo W212 ya kabla ya 2013 sikiliza sana inapowashwa baridi: ikikwaruza sekunde kadhaa, rudisha ufunguo mezani.

523i ya miaka hiyo ni N20, lita 2.0 yenye tabo. Udhaifu wake ni reli za plastiki za kuongoza cheni. Zinakuwa ngumu, zinavunjika, na vipande vinaangukia kwenye sampu, bakuli la mafuta chini ya injini. Ikianza utasikia mlio mwembamba unaopanda pamoja na kasi ya injini. BMW ilizibadilisha reli hizo baadaye, na injini za 2015 kwenda mbele ndizo zenye afadhali. Ukipata ya 2013, weka gharama ya cheni na reli kwenye hesabu tangu mwanzo, na mafuta ya injini yabadilishwe kila kilomita 7,000 hadi 8,000. Msisubiri kompyuta ya gari iwakumbushe.

Crown hybrid injini haina maneno. Cha kuangalia ni betri kubwa iliyo nyuma ya kiti cha nyuma. Inapozwa na hewa ya ndani ya gari, ikivutwa na feni. Vumbi la murram likiziba feni na chujio, betri inapata joto na inakufa mapema. Dereva asiweke mabegi wala koti mbele ya kiingilio cha hewa, na feni isafishwe kila mwaka.

Jambo jingine: Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 hadi 12 ya nguvu hapa. Crown ya V6 lita 2.5 isiyo hybrid utaisikia ikinguruma kupanda Kololo na watu wanne ndani. Ya hybrid inasaidiwa na mota, kwa hiyo imetulia zaidi. Kelele nazo ni sehemu ya starehe.

Mama_Wawili_Ntinda:

Naongeza la kelele, maana wanaume mmelikimbilia tairi mkaishia hapo.

Nendeni barabara ya haraka ya Entebbe, lipeni ada ya barabara, endesheni kilomita 100 kwa saa, redio imezimwa, AC namba moja. Mwenye kuamua akae nyuma kushoto, si mbele. Asikilize vitu vitatu tofauti. Mluzi unaoongezeka na mwendo na kupungua ukikinga mpira wa mlango kwa kitambaa: huo ni upepo, mpira umechoka au mlango umewahi kugongwa na haukai sawa. Mngurumo mzito usiobadilika mkipinda kidogo kushoto na kulia: ni tairi. Mngurumo unaobadilika mkipinda: ni beringi ya gurudumu.

Tazameni pia chini ya injini kama kile kifuniko cha plastiki kipo. Gereji nyingi hukivunja wakati wa kubadilisha mafuta na hakirudi. Bila hicho, kelele inaingia, na matope ya murram yanafika kwenye mikanda na soketi za umeme. Kwa kipande chenu cha kilomita mbili, hilo si dogo.

Na tairi zenyewe zina umri. Tafuteni namba nne za mwisho ubavuni. Ikiandikwa 2316, ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata (mikato ya juu) nzuri kabisa na bado likawa gumu kama mbao. Likipita viraka linapiga kelele na linapiga mgongo, halafu watu wanabadilisha shokabu.

Presha pia. Sehemu nyingi wanakujazia psi 40 bila kuuliza. Fungueni mlango wa dereva, kibandiko kiko kwenye nguzo; kwenye Benz mara nyingi kiko ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kwa watu wawili watatu mara nyingi ni kati ya 32 na 35. Hapo mmepata starehe bila kutoa shilingi.

Naguru_Kilimani:

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Mama Wawili, la kukaa nyuma wakati wa kujaribu sikuwa nimeliwaza. BushiMpya, unaweza kutueleza ukaguzi wa chini ya gari kwa ufupi? Na ile Airmatic?

BushiMpya:

Kwa ufupi haitawezekana, lakini najaribu.

Anza gari likiwa limesimama. Weka D, mguu kwenye breki, AC imewashwa, mtu akae nyuma. Kiti kikitetemeka, kisha ukiweka N kikaacha, maunti za injini, mipira inayoibeba, zimekufa. Zina mafuta ndani. Zikipasuka unaona weusi umetiririka chini yake. Badilisha mbili za injini pamoja na ya giaboksi kwa mara moja. Ukibadilisha moja, ile ya zamani inaiua mpya.

Kisha barabarani, kwenye 90 hivi, kanyaga breki taratibu. Usukani ukicheza kushoto kulia kwenye F10, kila mtu atakwambia diski. Mara nyingi ni bushi, mipira ya maungio, za mikono ya mbele, zile zenye mafuta ndani. Liinue kwa jeki utazame: mpira umechanika na kuna unyevu mweusi. W212 nayo ina bushi za aina hiyo mbele na dalili ni hizo hizo. Crown bushi zake za mkono wa chini hupasuka pia, ila ishara yake ni mlio wa "kodo kodo" kwenye matuta madogo ya mfululizo, kama yale ya kabla ya miji njia ya Masaka.

Sasa hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Bushi ya mpira imegundishwa ndani na nje. Fundi akikaza bolti wakati gurudumu linaning'inia hewani, mpira unashikwa ukiwa katika mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari, mkono unapanda na mpira unasokotwa, na unabaki umesokotwa siku zote. Gari linakuwa gumu, na bushi mpya inachanika ndani ya miezi michache. Halafu inasemwa spea ni feki. Bolti zinaingizwa kwa mkono kwanza, gari linashushwa juu ya magurudumu yake au mkono unainuliwa na jeki hadi kimo cha kawaida, ndipo zinakazwa kwa spana ya kipimo. Simama hapo uone kwa macho yako. Halafu wili alaimenti.

Shokabu: tuta la kawaida kwa kilomita 20. Nyuma ya gari ipande, ishuke, isimame. Ikirudia mara ya pili, shokabu zimeisha. F10 iulizwe kama ina shokabu za umeme, maana ukiona waya umeingia kwenye shokabu, huwezi kufunga ya kawaida bila gari kulalamika kwenye dashibodi, na bei ni nyingine kabisa.

Airmatic. Ikiwa nzima, kwa mgongo mbovu hakuna kati ya magari yenu litakaloifikia. Ila mpira wa mfuko wa hewa unachakaa kwa umri, gari liwe limetembea au halijatembea. Unaanza kupasuka kwenye mikunjo, hewa inavuja usiku, kompresa inafanya kazi kupita kiasi asubuhi, inapata joto na inakufa. Relei yake nayo inaganda. Kwa hiyo anayebadilisha kompresa bila kuziba uvujaji atainunua tena. Utaratibu ni uvujaji kwanza, kompresa pili, na relei mpya pamoja nayo.

Kuipima ni rahisi. Jioni pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, uandike. Gari lilale bila kufunguliwa milango. Asubuhi kabla ya kugusa chochote, pima tena. Pembe moja ikishuka sentimita nzima au zaidi kuliko wenzake, huo mfuko unavuja. Kisha washa: gari lililoshuka likichukua dakika kadhaa kupanda huku kompresa inalia, jua mwisho wake uko karibu. Maji ya sabuni kwenye mikunjo yatakuonyesha tundu lilipo. Mwenye bondi akikataa gari lilale kwa kipimo, jibu umeshalipata.

Dereva_wa_Itifaki:

Kwa Airmatic naongeza moja: bajeti iwe na mifuko miwili, si mmoja. Ya ekseli moja huzeeka pamoja.

Na kuhusu sheria, gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini, tangu sheria ya 2018. Kwa hiyo anayewashawishi muagize W211, E-Class ya kizazi kilichotangulia, mfanye hamjamsikia. Zilizopo ndani ya nchi ni jambo jingine, ila zile za kabla ya 2006 zina breki za umeme zenye kitengo cha bei kali. Achaneni nazo.

Crown pia ikaguliwe redio. Za Japani nyingi zinaishia 90 hivi, na stesheni za FM hapa ziko kuanzia 88 kwenda 108. Kile kifaa cha kuongeza masafa kinasaidia lakini sauti hupungua ubora. Ramani na menyu ni Kijapani, na kwenye Crown hakuna njia nyepesi ya kuzigeuza. BMW ya Japani hubadilishwa lugha kwa programu. Mtu anayekaa saa nne ndani ya gari hadi Mbarara, sauti safi ni starehe pia.

Arua_Park:

Redio mtu anabadilisha. Mgongo habadilishi. Bado nasema Crown, na kama mkurugenzi ana miguu mirefu tafuteni Crown Majesta ya S210, ekseli hadi ekseli milimita 2,925.

Naguru_Kilimani:

Ha! Arua_Park una msimamo. Bado naipima E250 dhidi ya Crown. Tukichukua E250 tukaitoa kwenye 18, rimu 16 zitaingia? Kuna jamaa anazo za BMW inchi 17, anasema matundu ni matano, zitakaa.

BushiMpya:

Matundu matano hayatoshi, ndugu. F10 nafasi ya matundu ni 5x120, W212 ni 5x112. Akizilazimisha, bolti zitakaa kwa mshazari na zitalegea. Crown ndiyo usiseme, ni 5x114.3.

Kwa 16: ya AMG Sport mara nyingi imefungwa diski kubwa zaidi za mbele, zenye matundu. Rimu 16 inaweza kugusa kalipa ya breki. Chukua 17, tairi 245/45R17 pande zote nne. Ubavu unakuwa milimita 110, kwa hiyo nyuma umeongeza 17, na sasa unaweza kuzungusha tairi mbele na nyuma zilike sawa, jambo ambalo lile pacha la 245 na 265 halikuruhusu. Spidomita haitabadilika cha kuonekana, kimo cha jumla ni karibu kile kile. Fahirisi ya mzigo, ile namba ya uzito tairi linaoweza kubeba, isipungue ile iliyowekwa kwa gari hilo.

Tundu la katikati liwe milimita 66.6. Rimu nyingi za dukani huwa na tundu kubwa zaidi. Wekea pete, la sivyo utapata mtikisiko kati ya 90 na 110 ambao hakuna balansi itakayoutoa. Angalia pia kichwa cha bolti. Za Mercedes zina mviringo pale zinapokalia rimu, na rimu nyingi za dukani zinataka za mshazari. Zikichanganywa, bolti inashika kwa ukingo mwembamba tu. Unyuzi ni M14x1.5. Kabla ya kulipa, funga rimu moja mbele bila tairi, izungushe kwa mkono, uone nafasi kati yake na kalipa. Kisha zikazwe kwa spana ya kipimo, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100.

Naguru_Kilimani:

Nimekuelewa fundi. Kesho tunakwenda na futi ya kupimia.